Gari la Kumpeleka Shamsia

Mguu wa kulia wa bibi harusi uliingia garini. Kiatu cha rangi ya dhahabu, hina ya kifundoni na theluthi ya gauni vikauandama. Mguu wa kushoto ukakataa.

Baina ya miguu hiyo miwili palikuwa na bomba la chuma, nene kama mchi, lililokatiza mlangoni kwa mshazari kutoka sakafuni hadi karibu na paa. Bomba hilo huokoa maisha ya watu gari linapobiringika. Siku hiyo, kwa kuwa hakuna aliyebiringika, lilikuwa limeamua kumwokoa Shamsia asiolewe. Watu wa Mabatini waliofurika nje ya nyumba ya Mzee Makame, baba wa bibi harusi, walirefusha shingo. Wapiga matarumbeta, waliokwisha kupanda kwenye pikapu yao, wakashusha vyombo midomoni kama watu walioona jeneza likipita.

"Rudisha mguu," Farouk alishauri, mikono nyuma, kama daktari bingwa aliyeitwa kutoka mbali. "Kisha utangulize kichwa."

"Kichwa?" Shamsia alimgeukia mdogo wake. "Leo naolewa au nazaliwa?"

Kicheko kikapasuka mtaani. Farouk alicheka pia, ila chake hakikushuka tumboni. Wazo la kumpeleka dada yake kwa mumewe ndani ya gari la mashindano lilikuwa lake peke yake, na lilikuwa linakwama mbele ya macho yake, kwenye bomba.

Alikuwa mwanafunzi wa kidato cha sita, mtoto wa bweni tangu kidato cha kwanza, na kama kulikuwa na elimu aliyoihitimu kabla ya mitihani, ni ile ya kusema upuuzi kwa uso wa kadhi. Shuleni aliwahi kuongoza mazishi ya mdudu aliyeokotwa kwenye maharage. Alisoma wasifu wa marehemu, akawashukuru wapishi kwa kumhudumia hadi dakika ya mwisho, na bwalo zima likasimama kwa heshima. Mdomo wa namna hiyo ni mali. Kasoro yake ni kwamba ukizoea kubeba mizaha, siku ukitwikwa neno zito unalitupa njiani.

Na Farouk alikuwa na neno moja zito. Mama yao alifariki yeye akiwa hajajua kufunga kamba za viatu. Aliyemfunza kuzifunga ni Shamsia. Aliyemfunza kusali, kuogelea, kukaanga chapati na kudanganya bila kupepesa macho ni Shamsia huyohuyo. Leo alikuwa anahama, na katika miaka yote hiyo Farouk hakuwahi kumwambia asante. Asante ya kupitishiwa chumvi mezani aliisema. Ile yenyewe, hapana. Kila alipoikaribia iligeuka kichekesho, watu wakacheka, na yeye akashuka jukwaani na mzigo wake ungali mgongoni. Ndipo alipoamua kutafuta kitu cha kumsemea. Kiwe na sauti ambayo hakuna atakayeidharau. Na katika Mwanza nzima hakujua kitu chenye sauti kuliko gari la rali la Antoni.

Antoni alikuwa kaka wa Masele, kijana aliyelala kitanda kilicho juu ya cha Farouk bwenini. Antoni mwenyewe alikuwa na gereji Mkuyuni, na alisema kwa siku maneno machache kuliko stika zilizobandikwa ubavuni mwa gari lake. Alipoombwa, aliinua kidevu mara moja. Farouk aliitafsiri ishara hiyo kuwa ndiyo.

Kilichobaki kilikuwa kuishawishi familia, na hilo lilifanyika sebuleni, kwa utaratibu wa mdahalo.

"Mheshimiwa mwenyekiti," Farouk alimwambia baba yake, aliyekuwa akimenya chungwa, "naomba tulinganishe. Upande mmoja tuna gari la rali. Linatoka hapa hadi Buhongwa kabla hujamaliza kupiga chafya. Likiunguruma, madirisha ya jirani yanaitikia. Upande wa pili tuna gari la dada."

Gari la Shamsia lilikuwa miongoni mwa vile vigari vidogo ambavyo mji mzima huviita bebiwoka, kwa kuwa vinafanana na vikokoteni vya watoto wanaojifunza kutembea. Lilikuwa la buluu, ila upande mmoja wa buluu ulikuwa umechoka kuliko mwingine.

"Gari la dada," Farouk aliendelea, "likipanda mlima wa Bugando, abiria husali."

"Linafika?" Mzee Makame aliuliza.

"Nini, mwenyekiti?"

"Huko mlimani. Linafika?"

"Linafika, mwenyekiti. Lakini bila heshima."

Shamsia alicheka hadi akashika ubavu, na Farouk akakihesabu kicheko hicho kuwa kura. Bibi Kashindye, mama mzaa mama yao, aliyeletwa kutoka Kisesa kwa ajili ya shughuli, alisikiliza yote kwa makini. Ulimi wake wa Kisukuma haukuwahi kukubali kwamba "l" na "r" ni herufi mbili, na masikio yake yaliuunga mkono.

"Gali la kulala," alisema, akitikisa kichwa kwa kuridhika. "Ni vizuli. Mtoto huyu amechoka sana."

Kila mtu alidhani anatania. Kwa hiyo asubuhi ya harusi, baada ya ndoa kufungwa msikitini na bwana harusi Nurdin kutangulia na watu wake kwao Busisi kwenda kumpokea mkewe, Bibi Kashindye alitokea uani na mto wenye foronya iliyotariziwa maua na shuka iliyopigwa pasi, akauliza kitanda cha ndani ya gari kinafunguliwa upande gani.

Sasa naye alikuwa anachungulia mlangoni, mto kwapani, kando ya mjukuu wake aliyesimama kwa mguu mmoja kama korongo.

"Mbona viti ni mabakuli mawili tu?" aliuliza. "Nyuma kuna guludumu na mtungi mwekundu. Faluku, utamlaza dada yako juu ya guludumu?"

"Bibi, hili ni gari la rali."

"Ndiyo. La lali. Sasa atalala wapi?"

Antoni alisubiri kicheko kipite, kisha akatoa helmeti mbili na kumkabidhi Shamsia moja. "Bila hii siwashi," alisema.

Hapo Evelina akajitosa. Huyu alikuwa rafiki wa Shamsia wa tangu shule ya msingi na ndiye aliyempamba. "Kichwa hiki nimekianza alfajiri," alisema, akijitia kati ya helmeti na nywele zilizosukwa, kuviringwa, kupandishwa na kubanwa kwa vibanio visivyo na idadi. "Kuna ua humu limetoka Nairobi. Atakayekivika sufuria, namtoa macho."

"Ni sheria," Antoni alisema.

"Na hiki ni kichwa."

Baina ya sheria na kichwa, Shamsia aliamua. Alitoa mguu wa kulia taratibu, akakung'uta gauni, akamwangalia Farouk. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Alikuwa na ule uso wa mtu anayetafuta namna ya kukukatalia bila kukuumiza, uso ambao Farouk aliujua tangu alipoomba ruhusa ya kufuga mamba.

"Mheshimiwa," alisema, "litangulie mbele lipige kelele. Mimi nitakuja na langu nyuma. Heshima ni ileile."

"Na mimi?" Bibi Kashindye aliuliza. "Mto nimeshauleta."

Kabla hawajakubaliana nani wa kumzuia, alikuwa ameinama, amepita chini ya bomba bila kuligusa, na ameketi. Mwili wake mdogo ulitoshea kama yai kwenye trei. Antoni alimfunga mikanda yote, mabegani, kiunoni na mapajani, akamvalisha helmeti juu ya kilemba. Gari lilipounguruma, madirisha ya jirani yaliitikia kama Farouk alivyoahidi. Kupitia kioo, mkono mdogo wa Bibi ulionekana ukipunga kwa utulivu wa kiongozi anayeondoka uwanjani.

Gari la buluu lilikuwa limepangiwa mwisho wa msafara, kazi yake kubeba vyombo. Bibi harusi aliingia kiti cha nyuma, gauni likafuata kwa awamu, na Farouk akabanwa upande wa pili na sufuria zilizopangwa kwa ukubwa mapajani mwake. Evelina alishika usukani. Mlango wa upande wa Shamsia ulifungwa kutoka nje, kwa kuwa kwa ndani ulikuwa umeacha kutii miaka mingi iliyopita.

Msafara ukashuka mjini, taa zikimweka, matarumbeta yakilia. Walipozunguka kipilefti cha samaki, kama inavyopasa kila harusi yenye adabu, ndipo ilipoonekana kuwa gari la rali lilikuwa na ugonjwa mmoja: halikujua kwenda polepole. Lilikohoa. Lilirukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Joto lilipanda, moshi ukatoka, na wapiga matarumbeta waliokuwa nyuma yake wakaanza kukohoa kwa sauti za muziki. Kufika Mkolani Antoni alitoa mkono dirishani kuomba radhi, akakanyaga mafuta, na gari likatoweka na Bibi kuelekea Busisi. Mbele ya msafara kukabaki vumbi, na ndani ya vumbi hilo Farouk aliona asante yake ikienda zake bila mwenyewe.

Ndani ya gari dogo kulikuwa na ukimya, yaani kulisikika kila kitu. Bangili za Shamsia. Vifuniko vya sufuria vikibishana kila penye tuta. Evelina akiimba puani wimbo ambao hakujua maneno yake.

"Unakumbuka siku ya kwanza ya bweni?" Shamsia aliuliza.

Angesahauje? Waliingia getini na gari hilihili, godoro juu ya paa, tranka kwenye buti isiyofungika, ndoo mapajani. Wavulana wakubwa walikuwa wamekaa ukutani. "Oyaa, tranka limeleta tranka!" mmoja alipiga kelele, na ukuta wote ukacheka. Farouk alitamani ardhi immeze pamoja na ndoo. Shamsia alishuka, akazunguka hadi mlango wa nyuma, akaufungua, akakakamaa na kupiga saluti. "Mheshimiwa, umefika," alitangaza, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni. Kisha akawageukia wale wa ukutani: "Vijana, mzigo wa mheshimiwa." Nao, bila kuelewa wamepatwa na nini, wakaruka chini wakabeba. Kuanzia siku hiyo shule nzima ilimwita Mheshimiwa, na hakuna aliyethubutu kumwonea. Mizaha yote aliyofanya baadaye ilikuwa watoto wa mzaha ule mmoja.

"Nakumbuka ndoo," alisema.

Shamsia akatabasamu. Walikuwa wameipita Buhongwa. Nyumba zilianza kuachiana nafasi, na mawe makubwa yakaanza kusimama mashambani.

"Niambie basi. Kwa nini ilikuwa lazima liwe gari lile?"

Farouk alikohoa. "Kwa niaba ya kamati ya maandalizi, napenda kuchukua fursa hii..."

"Sitaki kamati."

"Kamati imejiuzulu."

"Farouk."

Aliliita jina lake bila mapambo, kama alivyomwita zamani giza likiingia, arudi ndani. Farouk alitazama kifuniko cha sufuria ya juu. Sura yake ilikuwa mle, imevutwa mashavu. Aliona ni sura ya mtu anayeweza kusema kitu.

"Nilitaka..." alianza. "Yaani, nilikuwa natafuta namna ya..."

Uzito mdogo ukamwangukia begani. Aligeuka. Kichwa kilichoanzwa alfajiri, na vibanio vyake vyote na ua lake la Nairobi, kilikuwa kimelala juu yake, mdomo wazi kidogo.

"Usimwamshe," Evelina alinong'ona kwenye kioo cha kutazamia nyuma. "Hajalala tangu juzi."

"Nywele zinaharibika."

"Ziharibike."

Farouk akakaza bega lake. Alikumbuka kwamba kiti hikihiki kiliwahi kumbeba yeye akiwa amelala, mvua ikinyesha, malaria imempanda kichwani, Shamsia akimtoa shuleni kumpeleka hospitali. Wipa ilikuwa moja tu. Kila gari lilipopunguza mwendo kwenye tuta, mkono wa dada yake ulirudi nyuma, ukapapasa hewani, ukalipata paji lake la uso, ukapima. Tuta jingine, mkono tena. Usiku ule aliyapenda matuta. Hayo yote hakuyatia kwenye mdahalo. Alizungumzia Buhongwa na chafya.

Gari la rali halina kiti cha nyuma.

Pale Kigongo ziwa lilijitandaza mbele yao, na daraja likanyooka juu yake.

"Niongeze mwendo?" Evelina aliuliza. "Wenzetu wametuacha."

"Hapana," Farouk alisema. "Tafadhali."

Gari likavuka taratibu. Upepo ulipenya penye mpira uliolegea wa dirisha ukiwa na harufu ya maji na dagaa. Chini, mitumbwi ilionekana midogo kama maganda ya karanga. Bega la Farouk lilikufa ganzi, akaliacha life.

Busisi iliwapokea kwa vigelegele vilivyoanza kabla gari halijasimama. Shamsia aligutuka, akajipangusa mdomo, akaanza kucheka alipoona hali ya ua lake. Farouk alijipenyeza kutoka chini ya sufuria, akazunguka, akaufungua ule mlango. Hii ndiyo ilikuwa nafasi. Wanawake wa upande wa Nurdin walikuwa wanakuja na khanga zimetandazwa. Matarumbeta yalikuwa yanapata pumzi. Dada yake alimtazama kutoka ndani, akisubiri, na Farouk alihisi neno limefika kwenye meno.

Akakakamaa. Akapiga saluti.

"Mheshimiwa," alisema, "umefika."

Shamsia alicheka, macho yakamjaa machozi. Alinyoosha mkono kumgusa shavu, lakini khanga zilikuwa zimeshafika. Zikamfunika, zikamzungusha, zikamwingiza ndani kati ya nyimbo na marashi. Farouk alibaki ameshika mlango wa gari. Mzaha tena. Hata leo.

Watu walikula, wakaomba dua, wakaanza kuagana. Mzee Makame na wazee walirudi na basi dogo la Kosta. Gari la buluu lilibaki kwa mwenyewe, na Evelina akabaki kupanga vyombo. Bibi Kashindye naye alibaki, kama ilivyo desturi ya mwanamke mzee wa ukoo kumsindikiza bibi harusi mpaka siku zake za mwanzo zipite. Farouk alimkuta barazani, mto umeegemezwa mgongoni, helmeti mapajani kama kibuyu.

"Shikamoo, Bibi. Safari ilikuwaje?"

"Malahaba, Faluku. Gali lile halilazi mtu." Akafikiri kidogo. "Lakini nikifa, nipelekeni nalo. Nitafika kabla ndugu hawajaanza kugombana."

Akamkabidhi helmeti. Antoni alikuwa amesimama kando ya gari lake, akainua kidevu kuelekea kiti kilichokuwa wazi.

Tangu kidato cha kwanza Farouk alikuwa ameota kuketi pale. Aliinama chini ya bomba, akafungwa mikanda, akavaa helmeti. Injini ikawaka, na mtetemo ukampanda uti wa mgongo hadi kwenye magego. Gari lilitoka Busisi kama jiwe la manati. Nyumba zikawa mstari, miti ikawa mstari, na mabega yake yakabandikwa kitini kana kwamba kuna mtu anayasukuma kwa viganja. Ilikuwa tamu kweli. Hakuna mdahalo uliowahi kuitendea haki.

Waliingia darajani. Ndani ya helmeti hakuna anayekuona, na ndani ya mngurumo ule hakuna anayekusikia. Farouk alishusha kioo cha helmeti na kulia.

Alilia kwanza kama mtu anayepiga chafya, kwa kushtukiza. Kisha akatulia, na neno likatoka lenyewe, likiwa uchi, bila kamati.

"Asante, dada," alisema, ajaribu tu linasikikaje.

Akalisema tena. "Asante kwa kamba za viatu. Asante kwa ile saluti. Asante ulivyokuwa unarudisha mkono nyuma, kwenye matuta. Nilikuwa macho. Nilijifanya nimelala ili usiache." Pumzi ikamkatika. "Sijui sasa nani atanicheka kwa namna ile unayonicheka wewe. Asante, Shamsia. Asante sana."

Alipoinua macho aliona daraja limeanza kwenda polepole. Gari lilikuwa linakohoa, linarukaruka, joto linapanda. Pikipiki yenye tenga la sato ikawapita, mwendeshaji akageuka mara mbili kulitazama kwa mshangao.

"Helmeti hizi," sauti ya Antoni ilisema, karibu kabisa, ndani ya masikio yake, "zina spika na maikrofoni. Ili dereva na mwenzake wasikilizane."

Farouk aliganda. Akatafuta haraka uso wa kadhi, akaukosa. "Nilikuwa... nafanya mazoezi ya..."

"Sijakuuliza."

Wakaenda hivyo kitambo, mwendo wa mtu anayesukuma baiskeli. Upande wa kushoto jua lilikuwa limelalia maji. Antoni alitazama mbele, mikono yote miwili kwenye usukani, kama mtu anayehesabu maneno aliyobakiza kwa siku hiyo.

"Nigeuze?" aliuliza.

"Hapa?"

"Darajani hakugeuzwi. Ila pale Kigongo kuna nafasi."

Farouk alifungua mdomo. Alingoja mzaha uje, kama unavyokuja siku zote, wa kwanza mlangoni kabla ya mgeni mwingine yeyote. Haukuja. Aliinua kidevu mara moja. Kwenye dashibodi, mshale mdogo wa kijani ulianza kuwaka na kuzima, ukielekea kulia.